Jiki si sabuni

Katika nyumba nyingi usafi hupimwa kwa pua. Mgeni akiingia chooni akapokewa na harufu kali ya jiki, hutoka ameridhika kwamba hapa pamesafishwa. Mwenye gesti analijua hilo, ndiyo maana kufika saa nne asubuhi korido yake nzima inawasha macho. Dada wa kazi naye, akisikia geti linafunguliwa na mama mwenye nyumba anaingia, humwaga kidogo kwenye sinki ili harufu imtangulie kutoa taarifa. Chupa hiyo moja imegeuka jibu la kila swali: shati la shule limefubaa, jiki, choo kinanuka, jiki, ukuta umeota ukungu, jiki, kuna mgonjwa wa kuhara nyumbani, jiki.

Lakini harufu ya jiki haithibitishi kitu zaidi ya kwamba jiki ilimwagwa. Sakafu inaweza kunuka klorini na bado ikawa na vijidudu vyake, kwa sababu dawa ilimwagwa juu ya uchafu, au ilifutwa kabla haijafanya kazi, au ilikuwa imeshapoteza nguvu zamani ndani ya chupa. Kwa upande mwingine, mahali palipotiwa dawa kwa kipimo sahihi hapahitaji kumkohoza mtu.

Kosa la msingi ni kuitumia jiki kama sabuni. Sabuni hung'oa uchafu na mafuta ili maji yaondoke navyo. Jiki kazi zake ni mbili tu: kufuta rangi ya doa na kuua vijidudu. Uchafu wenyewe haiondoi. Ukilishika hilo, matumizi yote yanaingia katika kanuni nne: osha kwanza, pima, subiri, usichanganye. Tuzichambue moja moja, kisha tuingie kwenye beseni la kufulia, jikoni na chooni.

Kilichomo ndani ya chupa

Jik ni jina la chapa moja, lakini kwa wengi wetu Kenya na Tanzania kila dawa ya aina hiyo ni jiki, hata kama lebo ina jina jingine. Ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda huiita javeli, jina lililotokana na Javel, kitongoji cha Paris ambako mwishoni mwa karne ya 18 kiwanda kilianza kutengeneza maji ya kung'arishia vitambaa, kutokana na uchunguzi wa mkemia Mfaransa Claude Louis Berthollet. Kabla ya hapo, kitambaa cha kitani kilianikwa juani kwa wiki na wiki mpaka kiwe cheupe.

Kilichomo ni maji na kemikali iitwayo sodiamu haipokloraiti. Chupa nyingi za matumizi ya nyumbani huwa na kati ya asilimia 3 na 5 ya kemikali hiyo, na ile ya asilimia 3.5 ndiyo iliyozoeleka zaidi kwetu. Namba hiyo iko kwenye lebo, mara nyingi kwa maandishi madogo. Itafute, maana bila hiyo huwezi kupima chochote.

Uwezo wa klorini wa kuua vijidudu ulionekana wazi mwaka 1847 mjini Vienna, pale daktari Ignaz Semmelweis alipowaamuru madaktari na wanafunzi wao wanawe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kuwagusa wanawake waliokuwa wakijifungua. Vifo vya homa ya uzazi katika wodi yake vilishuka sana. Watu wa maeneo yetu wameuona uwezo huo kwa macho yao: ndoo za maji ya klorini zilikuwa kila kona Dar es Salaam wakati wa kipindupindu kilichoanza Agosti 2015, na vivyo hivyo Beni, Butembo na Goma wakati wa Ebola iliyosumbua mashariki mwa Kongo kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020.

Osha kwanza

Klorini haichagui. Ikikutana na damu, mafuta, matapishi, mabaki ya chakula au tope, hupambana na hivyo kwanza, na nguvu yake huishia hapo hapo kama askari anayemaliza risasi kwenye vichaka kabla adui hajatokea. Ukimwaga jiki kwenye sakafu yenye matope au sinki lenye mafuta, umelisha uchafu dawa yako.

Mpangilio unaofaa ni huu. Fagia au futa uchafu unaoonekana. Osha kwa maji na sabuni. Suuza. Hapo ndipo utie jiki iliyochanganywa na maji. Kama ni damu au matapishi, vaa glavu, funika kwa karatasi au kitambaa cha kutupa, zoa, osha, kisha tia dawa. Wanaodeki wanaufahamu ugumu wa hatua hizi, kwani ndoo moja ya maji yenye sabuni na jiki inaonekana kurahisisha kazi. Lakini baada ya vyumba viwili maji ya ndoo ile huwa yamekuwa meusi, na kuanzia hapo unapaka uchafu wenye harufu nzuri.

Kuna jambo la kutia moyo hapa. Kwa siku za kawaida, nyumba isiyo na mgonjwa, sakafu ya sebuleni na chumbani haihitaji jiki hata kidogo. Maji, sabuni na dekio safi vinatosha. Iwekee jiki sehemu zenye sababu: choo, bafu, mahali palipokatiwa nyama au samaki, vitasa vya milango nyumba inapokuwa na mgonjwa, na popote palipomwagika kitu kilichotoka mwilini mwa mtu.

Pima

Watu wengi hupima jiki kwa jicho: wanainamisha chupa, wanahesabu "glu glu" mbili, wanaridhika. Kipimo cha namna hiyo huleta hasara zote mbili. Ikiwa ndogo, vijidudu vinabaki. Ikizidi, inakula nguo, inababua ngozi na kuumiza mapafu, bila kuua kitu cha ziada.

Hesabu yake ni rahisi na inafaa kukaririwa. Chukua asilimia iliyo kwenye lebo, igawanye kwa asilimia unayoitaka, kisha toa moja. Jibu ni idadi ya sehemu za maji za kutia kwenye sehemu moja ya jiki.

Tuifanye hapa. Jiki yako ni ya asilimia 3.5 na unataka dawa kali ya asilimia 0.5, ile ya kutumia mahali palipomwagika damu au matapishi. 3.5 gawanya kwa 0.5 ni 7. Toa moja, unabaki na 6. Kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe sita vya maji. Muuguzi au mtu wa maabara yeyote wa Kenya au Tanzania atakutambua ukimtajia moja kwa sita, maana ndicho kipimo walichofundishwa kwa ndoo ya kutakasia vifaa. Kama chupa yako ni ya asilimia 5, hesabu inabadilika: 5 gawanya kwa 0.5 ni 10, toa moja, ni vikombe tisa vya maji.

Kwa vitu vya kawaida nyumbani, kama sakafu ya bafu, sinki, choo cha kukalia na vitasa, asilimia 0.1 inatosha. Kwa jiki ya 3.5 hiyo ni sehemu moja kwa 34. Ukitaka ndoo ya lita 10, tia glasi moja iliyojaa ya mililita 250 na vijiko viwili vya chakula, halafu jaza maji mpaka lita 10. Ile dawa hafifu ya kunawia mikono wakati wa mlipuko wa kipindupindu au Ebola ni asilimia 0.05, yaani sehemu moja kwa 69 za maji. Nje ya milipuko hiyo, mikono inahitaji maji na sabuni tu. Jiki kila siku huikausha ngozi na kuipasua, na ngozi iliyopasuka ni mlango wa vijidudu.

Tenga kikombe kimoja cha plastiki kiwe cha kupimia jiki peke yake, kiandike kwa kalamu ya wino mzito, na kisirudi jikoni kamwe. Tumia maji ya baridi. Maji ya moto huivunja dawa kabla haijafanya kazi na hurusha mvuke usoni mwako. Usitumie sufuria ya alumini kuchanganyia, kwa sababu jiki huila alumini. Ndoo ya plastiki ndiyo mahali pake. Na changanya ya siku hiyo tu. Iliyochanganywa na maji hudhoofika haraka, kwa hiyo ndoo ya jana imwage utengeneze nyingine.

Hata chupa isiyofunguliwa haidumu milele. Joto na mwanga huidhoofisha jiki mwezi hadi mwezi, na ndiyo maana chupa zake hazipitishi mwanga. Ile iliyokaa kwenye dirisha la duka ikipigwa na jua la mchana inaweza kuwa na nusu tu ya nguvu inayodaiwa kwenye lebo. Nunua iliyo kivulini, angalia tarehe, na kwako iweke mahali pa ubaridi na giza.

Subiri

Hii ndiyo kanuni inayovunjwa zaidi, na ndiyo isiyogharimu hata senti. Jiki haiui kwa kugusa tu; inahitaji muda ikiwa imelowa juu ya kitu. Kwa kazi nyingi za nyumbani muda huo ni dakika kumi. Anayepaka na kufuta papo hapo amepoteza dawa na nguvu zake.

Njia nyepesi ni kupanga kazi kwa mzunguko. Ukishaosha na kusuuza bafu, lipake dawa, fungua dirisha, funga mlango, nenda ukatandike vitanda. Ukirudi, suuza kwa maji safi. Kama eneo limekauka kabla ya dakika kumi, kama inavyokuwa sana Januari na Februari pwani, lowesha tena. Na usiache kusuuza: mabaki ya jiki hula vyuma vya bomba na vitasa, na huchakaza miguu ya watoto wanaotembea peku.

Usichanganye

Hapa hatuzungumzii tena nguo wala sakafu, tunazungumzia uhai. Wapo wanaoamini kwamba kama dawa moja ni nzuri, mbili ni bora zaidi. Kwa jiki imani hiyo inaweza kukulaza hospitali.

Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, gesi ile ile iliyotumika kuua askari katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Asidi ziko nyumbani kwako: dawa nyingi za kung'arisha choo, dawa za kuondoa chokaa kwenye birika na vigae, siki, ndimu na limau. Ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine inayounguza koo na mapafu. Amonia imo katika baadhi ya dawa za kusafishia vioo, na hutokea yenyewe kwenye mkojo uliokaa. Ndiyo maana anayemwaga jiki kwenye choo ambacho hakijavutwa maji, au kwenye beseni la nepi zilizolowa mkojo tangu usiku, huanza kukohoa na macho kumtoka machozi. Wengi hudhani huo ni ukali wa jiki. Ni sumu mpya iliyozaliwa hapo hapo. Na usiichanganye na spiriti pia, kwa kuwa nayo hutoa mivuke yenye madhara.

Kanuni ni fupi: jiki na maji, basi. Ukitaka kutumia dawa ya choo yenye asidi, tumia leo, vuta maji mara kadhaa, na jiki iache mpaka siku nyingine. Ikitokea zimechanganyika na harufu imekukaba, usikae kuzoa. Toka nje, waondoe wote walio karibu, acha milango na madirisha wazi, na kama kifua kinabana au kikohozi hakiachi, nenda hospitali. Mwenye pumu asipewe kazi ya jiki kabisa.

Kwenye beseni la kufulia

Shati jeupe la shule ndilo limeuza jiki nyingi kuliko kitu kingine chochote. Kola ina mstari wa njano, kwapani kuna kivuli, na mgongoni kuna alama ya begi. Tazama linavyofuliwa vizuri. Kwanza kola husuguliwa kwa sabuni ya mche na maji, taratibu, kwa vidole au brashi laini, mpaka mafuta ya shingo yaachie. Kisha shati lote hufuliwa kwa sabuni ya unga na kusuuzwa hadi povu liishe. Ndipo beseni jingine linatiwa maji baridi lita tano, na robo kikombe cha jiki inachanganywa ndani yake kabla nguo haijaingia. Ukiimwagia nguo jiki moja kwa moja, pale ilipoangukia pataacha baka au tundu. Shati linazamishwa lote kwa dakika tano hadi kumi, linatolewa, linasuuzwa mara mbili au tatu na kuanikwa.

Kuloweka usiku kucha ni kuiua nguo. Jiki hailali ukilala. Ikimaliza doa huanza kula nyuzi za pamba. Mashuka meupe yanayochanika katikati kama karatasi, wakati mpindo wake bado mzima, mara nyingi hayakuchakaa kwa kulaliwa. Na utelezi ule unaousikia vidoleni unaposhika jiki si povu la sabuni. Ni mafuta ya ngozi yako yanayoyeyushwa. Vaa glavu.

Si kila doa ni la jiki. Udongo mwekundu wa Karatu au wa Kiambu una rangi ya chuma, yaani kutu hasa, na jiki haiifuti; inaweza hata kuikoleza. Acha tope likauke, lipukute, lipige brashi, halafu loweka kwa sabuni ya unga na urudie kufua. Doa la kutu la msumari au la kamba ya waya linatoka kwa ndimu na chumvi juani, lakini suuza kabisa kabla nguo hiyo haijakaribia jiki, kwa sababu uliyoyasoma kuhusu asidi yanahusu beseni pia. Damu inataka maji ya baridi na sabuni mapema. Rangi ya njano ya kwapani, inayotokana na jasho na manukato ya kwapa, mara nyingi huzidi kwa jiki. Loweka kwa magadi soda na sabuni kisha sugua.

Si kila nguo pia. Hariri, sufu, ngozi, nailoni na kitambaa chochote kinachovutika huharibika au kuwa vya njano. Khanga, vitenge na kanzu zenye nakshi za rangi ziache. Chupa iliyoandikwa kwamba ni ya nguo za rangi kwa kawaida haina klorini bali haidrojeni peroksaidi, ambayo ni pole zaidi, ila usiichanganye na jiki ya kawaida. Ukiwa na shaka, chovya ncha ya pamba kwenye jiki iliyochanganywa na maji, gusa upande wa ndani wa pindo, subiri dakika chache. Rangi ikihama, umeokoa nguo.

Raba nyeupe zina kisa chake. Watoto huzipaka jiki tupu, wanazianika juani, na jioni zina madoa ya njano kuliko asubuhi. Jiki iliyobaki kwenye turubai na gundi ndiyo inayofanya hivyo ikichomwa na jua. Zisugue kwa sabuni na mswaki wa zamani. Kama lazima utumie jiki, iwe hafifu na ya dakika chache, suuza mpaka harufu iishe, kisha zifunike kwa karatasi nyeupe ya chooni na kuzianika kivulini.

Jikoni na maji ya kunywa

Ubao uliokatiwa kuku au samaki mbichi uoshe kwa sabuni na maji ya moto. Kisha, maji ya moto yakiwa yameshaondoka, umwagie maji baridi yaliyotiwa kijiko kimoja cha chakula cha jiki isiyo na manukato kwa lita mbili. Subiri dakika chache, suuza, simamisha ukauke. Vitambaa vya kufutia meza, ambavyo mara nyingi ndivyo vitu vichafu kuliko vyote jikoni, vifue na kuviloweka hivyo hivyo, au vichemshe.

Jiki yenye harufu ya limau au maua isikaribie chakula wala maji ya kunywa. Kwa maji ya kunywa, nunua dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ya maji au ya vidonge. Mfano ni WaterGuard ya maji, ambayo ni kemikali ile ile ya jiki iliyo hafifu na safi, yenye kipimo kilichoandikwa kwa ndoo ya lita 20. Ni ya bei ndogo na inakuondolea kubahatisha. Fuata lebo, koroga, funika, subiri nusu saa. Kama maji ni ya tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi au yaache yatulie, kwa sababu ile ile: uchafu hula dawa.

Chooni, bafuni na ukutani

Choo cha kuvuta: sugua kwa brashi na sabuni, vuta maji, mwaga nusu kikombe cha jiki kuzunguka ukingo, subiri dakika kumi, vuta. Kama maji yako yanaingia kwenye tangi la maji taka lililoko uani, usizidishe. Tangi hilo linafanya kazi kwa bakteria wanaomeng'enya uchafu, na chupa nzima kila wiki huwaua. Mwisho wake ni kuita gari la kunyonya kabla ya wakati.

Choo cha shimo ni habari nyingine. Kumwaga jiki shimoni ni kutupa pesa, na kwa mkojo uliomo unajitengenezea gesi. Safisha sakafu na mahali pa kukanyagia kwa sabuni, suuza vizuri, kisha jiki hafifu. Shimoni tia majivu makavu. Hupunguza harufu na nzi.

Ukungu mweusi wa bafuni, adui wa nyumba za Tanga, Mombasa na Unguja, kwenye vigae hutoka kwa jiki na brashi. Kwenye plasta, jiki huufanya usionekane tu. Mizizi inabaki ndani na baada ya wiki chache unarudi. Dawa yake ni kuziba bomba linalovuja, kupitisha hewa na kukwangua plasta iliyooza.

Mwilini jiki haina kazi. Wapo wanaoitia kwenye maji ya kuoga au kwenye mkorogo wa kung'arisha ngozi. Inachokifanya huko ni kuunguza. Wakati wa korona watu walinyunyiziwa klorini kwenye vibanda vya kupita, na Mei 2020 Shirika la Afya Duniani likaeleza wazi kwamba kumnyunyizia mtu dawa hiyo hakushauriwi kwa hali yoyote ile.

Chupa, watoto na ajali

Mtaani jiki huuzwa pia kwa kupimiwa, ndani ya chupa za maji ya kunywa au za soda, bila lebo. Zikatae kwa sababu mbili. Hujui nguvu yake, kwa hiyo hesabu yote hapo juu haina msingi. La pili ni baya zaidi: mtoto akiona chupa ya maji anaona maji, na mgeni mwenye kiu naye ni hivyo hivyo. Nunua iliyofungwa, yenye alama ya ubora ya TBS au KEBS, na usiihamishie kwenye chupa nyingine.

Mtu akiimeza, usimtapishe. Ikirudi juu itamuunguza mara ya pili. Usimpe ndimu. Asukutue mdomo na kutema. Kama ana fahamu na anameza vizuri, anywe mafunda machache ya maji, wala usimjaze maziwa kwa vikombe. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe, ili daktari ajue ni nini na kina nguvu kiasi gani. Ikiingia machoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kope zikiwa wazi, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Ikimwagikia ngozi, vua nguo iliyolowa na ujimwagie maji mengi.

Na kama kazi ya usafi unamwachia dada au kijana, usimkabidhi chupa na kuondoka. Mpe glavu, mpe kikombe cha kupimia, mwonyeshe hesabu mara moja kwa mikono yako, na umwambie waziwazi kwamba jiki haichanganywi na dawa ya choo. Yeye ndiye anayeivuta hewa ile kila siku. Mwajiri anayedai nyumba inuke jiki anadai mapafu ya mtu mwingine.

Ukizifuata kanuni hizi, jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba chupa inadumu. La pili, nguo nyeupe zinazeeka polepole. Harufu itapungua pia, na huenda mgeni asikusifu, lakini nyumba itakuwa safi kuliko ilipokuwa inamwasha macho. Kabla hujaiweka makala hii pembeni, fanya mambo mawili: soma asilimia iliyo kwenye lebo ya chupa yako na uiandike kwa herufi kubwa mbele yake, kisha ihamishe kutoka chini ya sinki uipeleke juu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.